Stempu yenye picha ya jengo: usiibandue

Ukipanda daladala Kariakoo ukashukia Posta ya Zamani, jengo lililokipa kituo jina liko hapo Sokoine Drive. Wajerumani walilijenga mwaka 1893, ila sura yake ya mbele imeshabadilishwa. Majengo ya namna hii, utajuaje yalivyokuwa? Stempu ya kumbukumbu husaidia. Za kawaida huchapishwa tena na tena. Hii hutolewa kwa tukio maalumu, kwa hiyo mwaka wake unajulikana. Lakini angalia: mchoraji huenda alitumia picha ya zamani zaidi! Ukiikuta kwenye barua ya bibi, iache kwenye bahasha. Muhuri wenye tarehe na jina la posta huangukia nusu kwenye stempu, nusu kwenye karatasi.