Tusimcheke Mwanafunzi Huyu

Juma lililopita mwanafunzi wangu alinijia akilalamika kuwa tarakilishi ya shule ni mbovu. Nilikuwa nimempa fumbo: mti wenye vifundo 20, kila kifundo kikiwa na tawi la kushoto, la kulia, yote mawili au bila tawi, waweza kuwa na maumbo mangapi? Kwa vifundo 3 alikwisha kuyachora mwenyewe: ni 5.

Programu yake ilikuwa sahihi. Ilitenga kifundo cha juu, ikagawa 19 vilivyosalia kushoto na kulia kwa kila njia, kisha ikajiita yenyewe kuhesabu kila upande, ikazidisha na kujumlisha. Ila haikuweka popote ilichokwisha kukipata. Hivyo ilihitaji kuitwa mara 3,486,784,401, ikiuliza habari za vifundo 3 kana kwamba haijapata kuzisikia. Nikaiongezea orodha ya akiba, mbinu aliyoieleza Donald Michie mwaka 1968. Kuzidisha kukawa mara 210 tu. Jibu, 6,564,120,420, likatoka papo hapo.

Walimu wenzangu, ni sisi tuliomzoesha kufuta hesabu za pembeni ili daftari lipendeze. Mimi mwenyewe nimewahi kumpunguzia alama kwa kuziacha.