Thamani ya shamba: Ngao ya mkopaji wa Ukambani kabla ya mnada

HATIMILIKI ya shamba au ploti ndiyo mali ya pekee ambayo wakazi wengi wa Kitui na Makueni wanaweza kuipeleka benki na ikapokewa kama dhamana. Mvua za Ukambani hazitabiriki, mifugo hufa kiangazi kikizidi, na mishahara ya kutegemewa ni ya wachache. Shamba halihami wala halifi.

Ndiyo sababu mzazi anayetafuta karo ya chuo kikuu, mfanyabiashara wa Wote anayetaka kujaza duka lake, au mwalimu wa Mwingi anayepania kumalizia nyumba aliyoianza, wote hujikuta mbele ya meza ya afisa wa mikopo, hatimiliki mkononi.

Matatizo huanza malipo yanapokwama. Hapo ndipo wengi hutambua kwamba hawajui ardhi yao ina thamani gani, na kwamba ripoti iliyoitaja thamani hiyo waliigharimia wenyewe lakini ikaishia katika faili ya benki.

Ripoti ya mthamini si karatasi ya benki pekee. Mkopaji akiitafuta mapema, kabla hajapokea notisi ya mwisho, yaweza kumwezesha kulipa deni na kubaki na akiba, badala ya kutazama boma alimozikwa babake likinunuliwa na mtu asiyemjua.

Shamba moja, thamani mbili

Mthamini anapokagua mali kwa ajili ya mkopo, kwa kawaida huandika tarakimu mbili. Ya kwanza ni thamani ya soko, yaani bei ambayo muuzaji asiye na haraka angekubaliana na mnunuzi aliye tayari, kila mmoja akijua anachokifanya.

Ya pili ni thamani ya mauzo ya lazima. Hii ni bei inayotarajiwa iwapo mali itauzwa upesi, mwenyewe akiwa hana hiari. Mara nyingi wathamini huikadiria kuwa kama robo tatu ya thamani ya soko. Benki huitegemea sana tarakimu hii inapoamua kiasi cha kukopesha, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha itakachokipata mambo yakiharibika.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Nyumba na ploti mjini Wote ina thamani ya soko ya Sh6 milioni. Thamani yake ya mauzo ya lazima itakuwa Sh4.5 milioni hivi. Mwenyewe anadaiwa Sh3.2 milioni.

Akimpata mnunuzi kwa hiari yake na kuuza kwa Sh5.5 milioni, atalipa deni na kubakiwa na Sh2.3 milioni. Mali hiyo ikiuzwa mnadani kwa Sh4.5 milioni, kitakachobaki ni Sh1.3 milioni, na humo bado yatakatwa malipo ya dalali na gharama nyingine za mnada. Milioni moja na zaidi imepotea, na hakuna aliyeiiba. Imepotezwa na kuchelewa.

Mthamini hutazama nini

Kazi ya kuthamini mali nchini Kenya husimamiwa na Sheria ya Wathamini, Sura ya 532, ambayo iliunda Bodi ya Usajili wa Wathamini. Asiyesajiliwa na bodi hiyo hana ruhusa ya kufanya kazi hii, na ripoti yake haitasimama mbele ya benki wala mahakama. Ni kosa pia kumchanganya mthamini na mpima ardhi: mmoja huonyesha mipaka, mwingine hutaja bei.

Mthamini huanza na makaratasi. Huhitaji nakala ya hatimiliki, matokeo ya upekuzi rasmi kutoka afisi ya msajili wa ardhi, na ramani inayoonyesha shamba lilipo. Kwa ploti za mjini, hutaka pia kujua iwapo ada za kaunti zimelipwa, na ikiwa ardhi ni ya kukodishwa na serikali, miaka mingapi imesalia.

Baada ya hapo huzuru mahali penyewe. Hutazama mawe ya mpaka, barabara ya kuingilia, umeme, hali ya nyumba na aina ya udongo. Katika Kitui na Makueni, swali la maji huwa zito kuliko mengi. Shamba lenye kisima kisichokauka, au lililo karibu na mto wenye bwawa la mchanga, haliwezi kulingana na lile ambalo wenyewe huamka alfajiri kusaka maji kwa punda. Miti ya matunda kama miembe na michungwa, ambayo Makueni inasifika kwayo, nayo huhesabiwa.

Kisha mthamini hulinganisha na mauzo ya mashamba mengine ya eneo hilo. Hapa ndipo ripoti ya zamani huweza kumpunja mkopaji.

Barabara ya lami kutoka Kibwezi kupitia Ikutha na Mutomo hadi mji wa Kitui imebadilisha hali ya ardhi iliyo kandokando yake. Treni ya abiria ya SGR, iliyoanza safari mwaka 2017, ina vituo Emali, Kibwezi na Mtito Andei. Bwawa la Thwake, ambalo ujenzi wake ulianza 2018, liko mpakani mwa kaunti hizi mbili. Aliyeweka shamba rehani kabla ya mambo haya hana sababu ya kukubali bei iliyoandikwa wakati huo.

Lakini upepo huweza kuvuma kinyume. Ploti iliyonunuliwa ghali kwa uvumi kwamba mradi mkubwa unakuja, mradi ukachelewa, yaweza kuwa na bei ya chini kuliko mwenyewe anavyodhani. Mthamini hana kazi ya kumpendeza mtu, na kujua ukweli mchungu mapema ni heri kuliko kuusikia kwa dalali.

Hatua kabla ya nyundo

Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 haimruhusu mkopeshaji kurukia mnada. Mkopaji akishindwa kulipa, na hali hiyo ikaendelea kwa mwezi mmoja, benki yaweza kumpa notisi ya maandishi chini ya kifungu cha 90. Notisi hiyo lazima itaje kiasi kinachodaiwa na kumpa muda usiopungua miezi mitatu kukilipa.

Muda huo ukipita bila malipo, benki hutoa notisi nyingine ya kuuza, ya siku zisizopungua 40, chini ya kifungu cha 96. Nakala hupelekwa pia kwa watu wengine wenye maslahi, akiwemo mume au mke aliyetoa idhini ya rehani.

Kisha huja dalali. Kanuni za Madalali za mwaka 1997 humtaka ampe mwenye mali siku 45 za kukomboa mali yake. Zikiisha, mnada hauwezi kufanyika kabla ya siku 14 kupita tangu tangazo la kwanza gazetini.

Hatua hizi zikifuatana, mkopaji ana takriban miezi saba tangu siku aliyoshindwa kulipa. Ni muda wa kutosha kumtafuta mthamini na mnunuzi. Wengi huupoteza wakizificha barua za benki chini ya godoro, mke asijue, au wakingoja ahadi ya jamaa aliye Nairobi.

Bei isiyopaswa kuvukwa

Kifungu cha 97 cha sheria hiyo ndicho ambacho kila aliyeweka ardhi rehani angepaswa kukijua. Kinaibebesha benki wajibu wa kutafuta bei bora inayoweza kupatikana kwa haki wakati wa kuuza. Kinaiagiza pia kuhakikisha kuwa mthamini amekadiria thamani ya mauzo ya lazima kabla ya kuuza.

Mali ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria huchukulia kwamba benki imekiuka wajibu wake, mpaka benki ithibitishe vinginevyo. Mwenye mali anaweza kuiomba mahakama ibatilishe mauzo hayo.

Katika mfano wetu wa Wote, nyumba ya Sh6 milioni ikiuzwa kwa Sh4.2 milioni, bei imeshuka kwa asilimia 30. Mwenyewe ana hoja ya kuipeleka mahakamani. Lakini atathibitishaje kwamba bei ya soko ilikuwa Sh6 milioni ikiwa hana ripoti yoyote mkononi?

Kanuni za Madalali nazo hutaka bei ya chini, ambayo mali haipaswi kuuzwa chini yake, itokane na ukadiriaji uliofanywa katika miezi 12 kabla ya mnada. Ripoti ya miaka mitatu iliyopita haifai. Mkopaji ana haki ya kuuliza: mthamini alikuja lini, na aliingia shambani au alipita tu barabarani?

Hata hivyo, haitoshi kwenda mahakamani na ripoti yenye tarakimu kubwa kuliko ya benki. Katika kesi ya Zum Zum Investment dhidi ya Habib Bank, iliyoamuliwa 2014, Mahakama Kuu ilieleza kwamba anayepinga ukadiriaji lazima aonyeshe kasoro yake, kwa mfano kwamba mthamini hakuwa na sifa zinazotakiwa au hakuzingatia mambo yaliyostahili kuzingatiwa. Kisima kilichosahauliwa au nyumba ya pili isiyotajwa ni kasoro ya namna hiyo. Malalamiko matupu hayasimamishi mnada.

Kuuza kwa hiari

Mkopaji aliyeona kwamba hataweza kulipa kwa mapato yake ana njia ya kuuza mwenyewe. Hawezi kufanya hivyo kwa siri, kwa kuwa mali iliyowekwa rehani haihamishwi bila idhini ya maandishi ya benki. Lakini benki nyingi hazina hamu ya mnada, ambao ni wa gharama na huenda ukaishia katika kesi ya miaka mingi. Barua iliyoambatanishwa na ripoti mpya ya mthamini na ahadi ya mnunuzi husikizwa kuliko ombi la huruma.

Si lazima shamba lote liende. Mwenye ekari 10 anaweza kuomba kuligawa, auze ekari tatu zilizo karibu na barabara, alipe deni na kubaki na boma. Hapo ripoti ya mthamini huwa na faida zaidi, kwa sababu yaweza kuonyesha thamani ya kila kipande na kuihakikishia benki kwamba kinachosalia bado kinatosha kulinda salio la deni.

Ardhi ya kilimo ina sharti jingine. Kuiuza, kuigawa au kuiweka rehani kunahitaji idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi ya eneo husika, na sheria humtaka mhusika aiombe katika muda wa miezi sita tangu makubaliano. Idhini ya mume au mke pia ni ya lazima kwa makao ya ndoa, na rehani iliyowekwa bila idhini hiyo si halali.

Kuna kikwazo ambacho familia nyingi za kaunti hizi hukijua. Hatimiliki bado ina jina la babu aliyefariki, ilhali wajukuu ndio wanaolima na kujenga. Shamba kama hilo haliwezi kuuzwa wala kuwekwa rehani mpaka urithi ukamilishwe mahakamani, hata mthamini akilitaja kuwa la mamilioni.

Deni nalo lipimwe

Kuijua thamani ya shamba ni nusu ya hesabu. Nusu nyingine ni kujua deni lenyewe ni kiasi gani.

Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kilichoanza kutumika Mei 2007, kinaweka kikomo. Mkopo ukishageuka kuwa mbovu, ambayo kwa kawaida huwa baada ya siku 90 bila malipo, riba haiwezi kuzidi salio la mkopo lililokuwapo siku hiyo. Mtu ambaye mkopo wake uligeuka mbovu akiwa na salio la Sh2 milioni hawezi kudaiwa zaidi ya Sh4 milioni, mbali na gharama za kulidai deni. Ni haki yake kuomba taarifa kamili ya akaunti na kuikagua mstari kwa mstari.

Mali ikiuzwa mnadani na kukabaki fedha baada ya deni na gharama, sheria inaitaka benki imrudishie mwenyewe. Fedha zisipotosha, angali anadaiwa salio, japo shamba limekwisha kwenda.

Haki ya kukomboa mali hudumu hadi mkataba wa mauzo unapofungwa, na katika mnada hufikia kikomo nyundo inapoanguka. Kabla ya hapo, malipo kamili ya deni humrejeshea mwenyewe shamba lake. Baada ya hapo, mnunuzi aliyenunua kwa nia njema hulindwa na sheria, na mara nyingi kinachobaki kwa mlalamishi ni kudai fidia.

Hata aliyemaliza kulipa hapaswi kurudi nyumbani na risiti tu. Lazima hati ya kuondoa rehani isajiliwe katika afisi ya msajili wa ardhi. Isiposajiliwa, upekuzi utaendelea kuonyesha kwamba shamba limefungwa, na watoto ndio watakaohangaika nalo miaka ishirini baadaye.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mkopaji wa Kitui au Makueni, ufa ni ile barua ya kwanza ya benki, na siku ya kumwita mthamini ni siku inapofika.