Huyo “Mtu wa Bodi” Anakuuzia Haki Yako

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka tu, wazazi wa Kigwa, wilayani Uyui, wananiuliza lilelile: “Mwalimu, una mtu pale Bodi ya Mikopo?” Hawaulizi cheti kipi kihakikiwe wala dirisha linafungwa lini. Wanatafuta mtu. Sina, nanyi hamumhitaji.

Najua ushahidi mtakaonitolea: mtoto wa fulani alilipa laki mbili, akapata. Kweli alilipa, na kweli alipata. Sasa tupige hesabu ya tapeli. Tuseme amechukua laki mbili kwa waombaji kumi. Hafanyi lolote, anasubiri tu. Bodi hutoa majina kwa awamu. Aliyekosekana awamu ya kwanza akalipa kwa hofu anaweza kujiona awamu ya pili, palepale ambapo angekuwepo hata asingetoa senti. Wanne wakipata kwa sifa zao, tapeli ana laki nane mkononi. Sita waliokosa anawarudishia pesa zao kwa upole, eti safari hii mambo yamekaza, nao wanakwenda kumsifia uaminifu. Pesa anayorudisha ndiyo tangazo lake. Na huyo ndiye tapeli mstaarabu. Wengine huzima simu.

Majira pia anayajua. Miaka ya karibuni dirisha la maombi limekuwa wazi kati ya Juni na Agosti, wakati ambao wakulima wa Uyui wanauza tumbaku. Kutozwa si jambo jipya kwetu: misafara ya karne ya 19 iliyopita hapa Kigwa kwenda Unyanyembe ilitozwa hongo njiani, lakini angalau aliyetoza alikuwa na njia ya kufunga na kufungua. Huyu wa leo hana hata kizuizi.

Madhara makubwa yako kwenye fomu. Mgao hutegemea taarifa zako: matokeo ya NECTA, cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, cheti cha kifo kwa aliyefiwa na mzazi, uthibitisho wa TASAF kwa kaya inayonufaika. “Mtu wenu” akijaza kwa simu yake na kushika nywila, ujumbe wa kurekebisha kasoro unakwenda kwake. Mtoto anakosa mkopo kwa sahihi iliyosahaulika, halafu mnasema hakuwa na mtu.

Ya kufanya, upesi. Peleka vyeti RITA mapema, kabla ya foleni. Soma mwongozo wa mwaka huu, si wa kaka yako. Jaza mwenyewe; ukisaidiwa stesheneri, namba na nywila ziwe zako. Fomu isainiwe na serikali ya kijiji na kamishna wa viapo. Ada ya maombi ilipe kwa namba ya malipo ya serikali, kamwe si kwa namba ya simu ya mtu. Ukikosa, subiri awamu zinazofuata, kisha kata rufaa dirisha likifunguliwa. Ukifaulu vizuri sana sayansi, fuatilia Samia Scholarship, iliyoanza 2022/23. Huo ni ufadhili, haurejeshwi. Mkopo hurejeshwa, kwa asilimia 15 ya mshahara. Ufadhili wa nje kama Chevening, wa shahada ya uzamili, hautozi ada ya maombi. Anayekudai “ya usajili” mpite.

Umeshaombwa pesa? TAKUKURU ni 113, bure. Ujumbe wa kitapeli utume 15040. Usiufute kwa aibu: ndio ushahidi pekee ulio nao.