Nukta ya Kihindi Haisomwi N

Kila nikifungua darasa jipya la Kihindi, swali ni lile lile: "Mwalimu, hii nukta ya juu inasomwa N au M?" Nimelijibu mara nyingi mno, na jibu halijabadilika. Swali lenyewe limekosewa. Nukta hiyo, anusvara, haina sauti yake. Huiazima kwa konsonanti inayoifuata.

Dai kwamba "nukta ni N" limejaa katika vijitabu na video za kufundisha lugha kwa siku chache, na linaharibu matamshi ya wanafunzi wengi. Hebu tulipime. Katika हिंदी inafuatwa na d, ulimi uko kwenye meno, hivyo inatoka n. Hapo dai limefaulu, na ndiyo maana watu huliamini: neno la kwanza kabisa wanalojifunza linaliunga mkono. Sasa soma मुंबई. Inafuata b, midomo inafungana, inatoka m. Hakuna anayesema "Munbai". Soma अंक, yaani tarakimu. Inafuata k, sauti inatokea nyuma ya kinywa, nayo ni ile ng' ya ng'ombe. Katika पंजाब ni n ya njia. Katika अंडा, yai, ulimi unajikunja kuelekea kaakaa, na king'ong'o kinatokea hapo hapo. Alama ni moja, sauti ni tano.

Kinachonisikitisha ni kwamba Mswahili hakuwa na sababu ya kudanganyika. Ubao ukizidi ni mbao, ulimi ukizidi ni ndimi. Tamka "ngoma" polepole: n yake haigusi meno, iko nyuma tayari ikiingoja g. Kanuni ya anusvara umekuwa nayo kinywani tangu utoto.

Alama ya pili ni chandrabindu, nukta iliyokaa juu ya mwezi mwandamo. Hapa hakuna n, m wala ng'. Irabu yenyewe ndiyo inayopitia puani. हंस ni batamaji, हँस ni cheka. Utata unaanzia kwenye maandishi: alama ya irabu ikishatokeza juu ya mstari wa juu wa herufi, mwezi hukosa nafasi, ikabaki nukta peke yake. Ndivyo yanavyoandikwa नहीं, yaani hapana, na मैं, yaani mimi, maneno ambayo kila mpenzi wa filamu za Kihindi anayajua, na ambayo wengi huyamalizia kwa N nzito isiyokuwamo. Kosa hili si dogo. Neno है, yaani "ni", hutumika kwa mmoja; हैं ni kwa wengi, na pia kwa mmoja anayeheshimiwa. Ukiiacha nukta unapomzungumzia mzee, umemvunjia heshima.

Kuna wanaoshauri ubane pua ili sauti hiyo itoke. Huo ni upotoshaji. Irabu ya puani inahitaji hewa ipite puani; ukiibana, umeiziba njia. Sema "Enhe!" kama unavyomwitikia msimulizi ili aendelee. Irabu hizo zinapita puani, na hukufundishwa na mtu.

Ya kufanya ni haya. Jifunze konsonanti kwa makundi yake matano, kufuata mahali zinapotamkiwa, si moja moja. Nukta ikitangulia konsonanti ya makundi hayo, kwa kawaida tamka king'ong'o cha kundi lake. Ikitangulia s au h, kama संसार na सिंह, sikiliza neno na ulikariri. Ikiwa mwishoni mwa neno juu ya alama ya irabu, pitisha irabu puani. Wewe unapoandika, weka mwezi juu ya irabu ya puani popote penye nafasi: माँ, चाँद, हूँ, hata kama magazeti huuacha. Nukta ya chini ni jambo jingine kabisa: hugeuza ज kuwa ज़, yaani z, na फ kuwa फ़, yaani f. Usiichanganye na ya juu. Jirekodi, kisha ujilinganishe na mzawa wa lugha.

Na kabla hujaniuliza nukta inasomwaje, tazama kwanza herufi iliyo mbele yake. Jibu liko hapo.