Wakili aliyeangushwa mara mbili kabla ya kuingia Seneti

MSOMAJI, ukisikia habari za wakili mweusi aliyeanzia siasa katika bunge la jimbo huko Marekani, bila shaka utamfikiria Barack Obama, aliyeapishwa kuwa seneta wa jimbo la Illinois mnamo Januari 1997. Sasa rudi nyuma miaka 30 kamili, hadi Januari 1967, uingie katika Seneti ya jimbo la Texas mjini Austin. Humo wameketi wanaume 30 na mwanamke mmoja mweusi mwenye sauti nzito isiyosahaulika. Huyo ni Barbara Jordan. Tangu 1883, hakuna mtu mweusi aliyekuwa ameketi humo.

(Usichanganye mambo: kila jimbo la Marekani lina bunge lake, mbali na lile la Washington. Hilo la jimbo ndilo hutunga sheria za shule, mishahara na hata mipaka ya maeneo ya uchaguzi.)

Jordan alizaliwa Houston mnamo Februari 21, 1936. Babake, Benjamin, alikuwa karani wa bohari na mhubiri wa Kibaptisti. Siku moja wakili mweusi kutoka Chicago, Bi Edith Sampson, alizuru shule yao ya upili kuwaeleza wanafunzi kuhusu kazi mbalimbali. Binti huyo aliondoka hapo ameshaamua atakuwa nani.

Alisomea Texas Southern, chuo kikuu cha watu weusi, na huko akawa moto wa kuotea mbali katika midahalo. Mnamo 1956 kikosi chao kilitoka sare na kile cha Harvard. Kisha akaenda Boston, akapata shahada ya sheria mnamo 1959. Hata hivyo, ni Boston alikotambua jinsi elimu ya ubaguzi ilivyokuwa imempunja, ikabidi asome kwa saa nyingi mno ili awafikie wenzake.

Aliporudi nyumbani hakuwa na pesa za kukodi ofisi. Meza ya kulia chakula ya wazazi wake ndiyo iliyokuwa ofisi. Katika kampeni za urais za 1960, alijitolea kumfanyia kazi John Kennedy, na kazi yenyewe ilikuwa kubandika stempu. Jioni moja msemaji aliyetarajiwa hakufika, naye akaombwa asimame badala yake. Stempu wakaachiwa wengine!

Sasa, unadhani msemaji wa namna hiyo angekosa kura? Alizikosa. Aliwania kiti katika Bunge la Wawakilishi la Texas mnamo 1962, akashindwa. Akarudi 1964, akashindwa tena. Kasoro haikuwa yake. Wawakilishi wa kaunti ya Harris walichaguliwa na kaunti nzima, kana kwamba kila mbunge wa Nairobi, awe wa Kibra au Westlands, angepigiwa kura na jiji zima. Kura za watu weusi zilimezwa na za Wazungu. Isitoshe, mpiga kura wa jimbo alitakiwa kwanza alipe kodi ya kura, iliyofikia dola 1.75.

Mnamo 1964 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba maeneo ya uchaguzi yawe na idadi ya watu inayolingana. Texas ikalazimika kuchora mipaka upya, na mtaa wa kina Jordan ukajikuta ndani ya eneo jipya la Seneti. Kodi ya kura nayo ikafutwa 1966. Mwaka huo huo Jordan akashinda.

Waliotarajia makelele bungeni hawakuyapata. Alisoma kanuni hadi akazijua kuliko wakongwe, akafanya urafiki na watu ambao miaka michache awali wasingemkaribisha mezani. Hivyo ndivyo alivyosaidia kupitisha sheria ya kwanza ya Texas ya kima cha chini cha mshahara.

Urafiki huo ulimletea lawama. Alikuwa naibu mwenyekiti wa kamati ya mipaka wakati eneo jipya la ubunge wa Washington lilipochorwa Houston, kisha akaliwania mwenyewe. Mbunge mwenzake mweusi, Curtis Graves, alimshutumu kwa kuuza kiti cha Seneti ili apate hicho. Kwa maoni yangu, Graves alikuwa na hoja, ingawa wapiga kura walimchagua Jordan.

Kabla ya kuondoka Austin, alipewa heshima ya kuwa gavana wa Texas kwa siku moja, Juni 10, 1972. Babake alihudhuria. Siku hiyo hiyo mzee alizidiwa na ugonjwa, akakimbizwa hospitalini, na kesho yake akafariki. Angalau alikuwa amemwona bintiye katika kiti cha gavana.

Washington ilimjua Julai 1974, alipotetea katiba katika kashfa ya Watergate iliyomng'oa Rais Nixon. Maradhi ya neva yalimlazimisha kutumia kiti cha magurudumu, naye akageukia ualimu katika Chuo Kikuu cha Texas. Alifariki Januari 17, 1996, akazikwa katika makaburi ya jimbo mjini Austin, mtu mweusi wa kwanza kuzikwa humo.