Pointi tatu na deni la kaka

Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Maana ya usemi huo niliionja mwezi wa Oktoba mwaka 2024, nilipoketi usiku na dada yangu mdogo mbele ya televisheni, tukiwatazama wasichana wa Kenya wakisakata kandanda katika Jamhuri ya Dominika.

Lakini kwanza, msomaji, sina budi kukupa kisa cha zamani. Utotoni dada huyu alinipita mbali kwa mpira. Gozi letu lilikuwa la makaratasi na matambara, limefungwa kwa kamba za mgomba. Siku vijana wa kijiji walipompa yeye namba yangu, wivu ulinishika nikaenda kumshtaki kwa baba. "Msichana na mpira wapi na wapi?" baba akafoka. Tangu hapo dada hakucheza tena. Mimi nilirudishiwa namba yangu, wala sikuwa mchezaji wa maana.

Sasa turejee uwanjani. Hilo lilikuwa Kombe la Dunia la wasichana wasiozidi umri wa miaka 17. Afrika iliwakilishwa na Kenya, Nigeria na Zambia. Wetu, chini ya mkufunzi Mildred Cheche, walijipatia nafasi mwezi wa Juni kwa kuilaza Burundi jumla ya mabao 5-0 katika mechi mbili. Kabla yao, hakuna timu ya taifa ya kandanda ya Kenya, ya wanaume wala ya wanawake, iliyowahi kufika Kombe la Dunia.

Timu zilikuwa 16 katika makundi manne, na kila kundi lilipeleka timu mbili tu kwenye robo fainali. Kenya iliangukia Kundi C pamoja na Uingereza, Korea Kaskazini na Mexico. Kundi hilo halikuwa na huruma. Uingereza ilitufunga 2-0. Korea Kaskazini, ambayo mwishowe ndiyo iliyotwaa kombe, ikatufunga 3-0. Kufikia mechi ya tatu mlango wa robo fainali ulikuwa umekwisha kufungwa.

"Sasa hawa wanacheza kwa ajili gani?" nikauliza.

"Wanacheza kwa sababu wameruhusiwa, kaka," dada akajibu, macho yake yasitoke kwenye televisheni.

Wasichana wale waliishinda Mexico 2-1! Ukawa ushindi wa kwanza wa Kenya katika Kombe la Dunia la kandanda. Tulimaliza wa tatu kundini na pointi tatu, tukarudi nyumbani. Dada alipiga vigelegele hata jirani akagonga ukuta.

Alipoleta chai nikajikaza nikamwambia, "Siku ile, aliyekushtaki kwa baba ni mimi."

"Najua," akasema. "Nilikuona ukitoka kwake." Akanimiminia chai.

Zaidi ya miaka 40 alikuwa amelinyamazia jambo hilo. Wazazi wenzangu, pointi tatu hazikutosha kutuvusha kundini, lakini kwangu zilitosha kunifumbua macho. Binti akiomba ruhusa ya kwenda uwanjani, msimwulize mpira na yeye wapi na wapi. Mwacheni aende, na kaka yake mwambieni akaze viatu.