Joto la Ardhi Lakausha Pareto Eburru

Mkulima wa pareto ana adui mkubwa baada ya kuchuma maua yake, naye ni unyevu. Zaidi ya sehemu tatu kati ya nne za ua bichi ni maji. Maua mabichi yakirundikwa, hasa wakati wa mvua, hupata joto na kuoza, na ile dawa ya kuua wadudu iliyomo ndani hupungua. Kumbuka kwamba mkulima hulipwa kwa dawa hiyo, si kwa uzito peke yake.

Katika mlima wa Eburru, kaskazini-magharibi ya Ziwa Naivasha, ardhi yenyewe humsaidia mkulima. Mawe yaliyo chini sana huko ni moto, na maji yakiyafikia hugeuka mvuke na kutoka juu kupitia nyufa. Mwaka 1939 kilijengwa kikaushio cha pareto kinachotumia mvuke huo. Kazi yake ni rahisi kuelewa. Joto la mvuke hupasha hewa, na hewa hiyo kavu hupita kati ya maua na kuchukua maji yake. Kuni hazihitajiwi.

Isitoshe, maji ni haba Eburru. Kwa hiyo wenyeji huongoza mvuke katika mabomba. Ukipoa hugeuka matone, na matone hujaza tangi.

Mwaka 2003 shamba la maua la Oserian, karibu na ziwa hilo hilo, lilianza kupasha nyumba za waridi wakati wa usiku kwa joto la kisima cha Olkaria, ili kupunguza unyevu unaoleta magonjwa ya ukungu.

Je, wewe usiye na mvuke shambani mwako ufanye nini? Fundisho la Eburru ni lako pia: hewa yenye joto, kavu, inayopita. Usirundike maua. Yatandaze kwa tabaka jembamba juu ya trei za waya zilizoinuliwa, ili hewa ipite juu na chini. Yageuze mara kwa mara. Ukitumia moto, usizidishe, kwa maana joto jingi huharibu dawa. Usiyatie guniani mpaka yawe yanavunjika ukiyasugua kwa vidole.

Na wewe unayekaa karibu na nyufa za mvuke, waonye watoto wasizikaribie. Mvuke huunguza vibaya kuliko maji yanayochemka. Ukitunzwa vizuri ni mtumishi mwema asiyedai mshahara.